Matope ya Mida yanayolipa nauli ya Siberia

Mpenzi msomaji, yamkini umepita hapo mara nyingi bila kugeuza shingo. Basi la Malindi likishavuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipeleka feri yetu ya zamani likizo ya kudumu, hupita minazi na mikorosho, kisha huingia katika kivuli cha msitu wa Arabuko-Sokoke. Abiria wengi hapo huwa wameanza kusinzia. Msitu unapokaribia kwisha, kabla hujafika Gede, kuna kituo kidogo chenye vibanda vya maembe na mahamri. Hapo ndipo Mida. Utingo akiuliza kama kuna wa kushuka, aghalabu hajibiwi.

Hata mimi nilikuwa miongoni mwa wanaonyamaza. Nilipokuwa msichana wa shule, tukienda kwa shangazi Malindi, nilimwuliza mjomba wangu ni nini kile kinachong'aa kule mbali, nyuma ya miti, upande wa kulia. Alichungulia dirishani, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

"Matope," akasema. "Bahari imekwenda zake, imeacha matope."

Nikaridhika. Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kugundua kwamba jibu lake lilikuwa la kweli, ila halikufika hata nusu ya habari yenyewe.

HORI ISIYO NA MTO

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara, kile ambacho watu wa pwani hukiita hori. Mdomo wake uko kusini mwa Watamu na ni mwembamba. Upande mmoja kuna mahoteli ya Watamu, upande wa pili kuna kijiji cha wavuvi cha Uyombo. Ukishaupita mdomo huo kwa mtumbwi, maji hufunguka mbele yako kama mfuko uliolegezwa kamba, yakaenea kushoto na kulia hadi kwenye ukuta wa mikoko. Eneo lote hilo, pamoja na mikoko yenyewe, ni kiasi cha kilomita 32 za mraba. Katikati kuna visiwa, na kimoja, Kirepwe, kina wakazi wake na magofu yake ya kale. Huko ng'ambo, ndani ya msitu, ndiko uliko mji wa Gede uliohamwa katika karne ya 17. Watu wa Gede wa enzi hizo bila shaka walikula samaki na chaza wa hapa.

La ajabu ni kwamba hakuna mto hata mmoja unaomwaga maji yake Mida. Hori ya Kilifi hupokea maji ya mto. Kaskazini mwa Malindi, Sabaki huleta udongo wa bara hata bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Mida haina hayo. Maji yake matamu hupita chini kwa chini. Mvua inayonyesha juu ya Arabuko-Sokoke hunywewa na mchanga wa msitu, ikasafiri ardhini polepole, kisha ikachuruzika kwenye kingo za hori bila mtu kuiona. Kwa hiyo akuambiaye kwamba kukata mti msituni hakumhusu mvuvi wa Mida, mwambie aende akayaonje maji yale.

Jambo la pili ni kina. Ukiacha mikondo michache ambamo mashua hupita, sehemu kubwa ya hori ni fupi mno. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mwandamo, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huweza kupita mita 3. Basi fikiria bakuli pana lisilo na kina, ambalo mara mbili kila siku hujazwa na mara mbili humwagwa. Maji yanapotoka hubaki uwanda wa matope na mchanga unaonyooka hadi macho yakachoka. Ndiyo aliyoyaona mjomba.

Na matope hayo si matupu. Piga magoti, kama ulivyokuja na nguo ya kazi, utazame kwa dakika tano bila kutikisika. Kwanza hutaona kitu. Halafu tundu moja litatoa jicho. Atatokea kaa mdogo wa kiume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipunga kama mtu anayesimamisha matatu. Jirani yake atajibu. Punde uwanja mzima utakuwa unapunga. Kuna minyoo, kuna kamba wadogo, kuna konokono wa mikoko, na kuna visamaki vinavyoruka juu ya matope kana kwamba vimesahau kuwa ni samaki. Majani ya mikoko huanguka, huoza, huliwa na vijidudu, na vijidudu huliwa na hao wote. Samaki wengi wanaovuliwa nje ya mwamba walikua kwanza humu, kati ya mizizi. Kasa wachanga nao huja kula nyasi za bahari.

Mikoko yenyewe ina majina yake, na wakazi wa hapa hawaichanganyi. Kuna mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mkandaa, muia, mchu, mlilana unaosimama karibu zaidi na maji, na mkomafi wenye matunda makubwa kama mpira wa watoto. Kila mmoja una mahali pake kulingana na chumvi na muda unaokaa majini.

MGENI MLA KAA

Nilishuka Mida kwa mara ya kwanza mwezi wa Desemba, nikiwa na mwanangu wa miaka tisa ambaye likizo ilikuwa imeshamchosha. Ilikuwa siku ya bamvua. Kijana aliyetupokea kwenye kibanda cha wenyeji alitutazama viatu, akacheka, akasema tuvivue.

"Mama, mmekuja saa nzuri," akasema. "Ni saa nane kasoro. Maji yanapanda. Ndege watasukumwa mpaka hapa karibu."

Kuna daraja la mbao la kuning'inia ambalo hupita katikati ya mikoko kwa zaidi ya mita 200. Hutikisika kidogo, na mwanangu alihakikisha linatikisika sana. Mwisho wake ni kibanda cha kutazamia ndege, kinachotokeza mbele ya uwanda wa matope. Kijana alinipa darubini.

Mpenzi msomaji, nilidhani nitaona ndege kumi, kumi na watano. Niliona uwanda unaotembea. Vitwitwi wadogo walikuwa wakikimbia kama watoto waliofunguliwa lango la shule. Sululu walikuwa wakipiga hatua za wazee wa kanzu, midomo yao mirefu imepinda chini. Walikuwako yangeyange weupe na kulasitara waliosimama kama miti. Mbali zaidi palikuwa na mstari wa rangi ya waridi hafifu, na kijana akanithibitishia kuwa ni heroe, ambao hawaonekani kila siku.

Nikauliza mbona hawapigani, ilhali wote wanakula mahali pamoja. Alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo sijaweza kutazama ndege bila kulikumbuka. Tazama midomo, alisema. Mwenye mdomo mfupi huona windo kwa macho, hukimbia, hudonoa juu juu. Mwenye mdomo wa wastani huchoma sentimita chache. Sululu huingiza mdomo wake mrefu katika tundu la kaa na kumfuata kwa mpindo uleule wa tundu. Yuko mmoja ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, naye huwakimbiza kaa kama aliyechanganyikiwa. Sinia ni moja, lakini kila mmoja ana kijiko chake.

Ndipo akanionyesha wale aliotaka hasa niwaone. Walikuwa kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiolingana na umbo lao jembamba. Huyu ndiye ndege mla kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Katika ukoo wake yuko peke yake, hana ndugu wala binamu duniani. Kaa mdogo humeza mzima. Kaa mkubwa humpigapiga kwa ule mdomo mpaka magando yakatoka.

Huyu si mzaliwa wa Mida. Huzaliwa kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba na bahari ya Uarabuni, katika nchi kama Omani, Imarati, Kuwait na Iran, na vilevile Eritrea na Somalia. Miongoni mwa ndege wa pwani wa aina yake, ndiye pekee anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo, yai moja jeupe. Joto la mchanga husaidia kuliatamia, hata mzazi akapata nafasi ya kwenda kutafuta riziki. Ukiona akina mama wa kazi wanavyohangaika kutafuta yaya, unaweza kumwonea gere.

Kuanzia Agosti hivi, familia hizo huanza kushuka kwetu, safari ya zaidi ya kilomita 3,000, na kukaa mpaka Aprili. Njia yao ni ileile ya majahazi yaliyokuwa yakiletwa na kaskazi pamoja na tende na papa wakavu, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti za mikoko, hasa kutoka Lamu. Nyumba nyingi za zamani za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za pwani yetu, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti hizo nje mwaka 1982 na majahazi yakapungua. Ndege hawakupata habari hiyo.

Pembeni mwa kundi, nilimwona mmoja aliyefifia rangi, wa kijivu, akimfuata mweupe hatua kwa hatua na kulialia. Yule mweupe alivunja kaa, akamwachia kipande. Kumbe ni mtoto. Amekwisha ruka kutoka Uarabuni hadi Kilifi kwa mabawa yake mwenyewe, na bado analishwa na mzazi.

Mwanangu akauliza, "Mjomba, hawa ndege ni wetu ama ni wa Waarabu?"

Kijana akafikiri. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Nairobi. Lakini nilikaa kwa nyanya Kilifi."

"Basi wewe ni wa wapi?"

Mtoto hakuwa na jibu, na mimi sikumsaidia.

NAULI

Sasa nikuungamie jambo. Maji yalipobakisha ukanda mwembamba tu wa mchanga, ndege wote walijibana hapo, mamia kwa mamia, bega kwa bega. Nilikuwa nimeinamia darubini. Sikumwona mwanangu aliposhuka ngazi. Nilichosikia ni kishindo cha miguu majini na kelele ya furaha, kisha ukanda wote ukainuka. Uliwahi kusikia kitambaa kikubwa kikipasuliwa? Ndivyo ilivyokuwa. Wingu likageuka jeupe, likageuka jeusi, likaenda kutua ng'ambo, mbali kiasi kwamba darubini haikusaidia tena. Mtoto akasimama huku maji yamemfika magotini, mikono juu, akicheka.

Kijana hakumkaripia. Alimngoja arudi, akamkalisha juu ya mbao.

"Ulikuja hapa na nini?"

"Matatu."

"Nani alilipa?"

"Mama."

"Wale hawana mama wa kuwalipia. Nauli yao ni mafuta. Wanakula hapa, mafuta yanakaa chini ya ngozi, ndiyo wanaenda nayo. Ukiwarusha wametumia kidogo. Akija mwingine akawarusha, wametumia tena. Sasa wakifika siku ya safari, wengine nauli haitatosha."

Mwanangu alinyamaza. Mimi nilinyamaza zaidi, kwani ndiye mimi niliyepaswa kumchunga.

Baadaye nilikwenda kusoma, nikaona kijana hakuwa anatunga hadithi ya kumtisha mtoto. Chukua kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, ambaye ni mmoja wa wageni wengi kabisa hapa Mida. Uzito wake ni kama yai la kuku. Huzaliana kaskazini ya mbali ya Siberia, mahali ambapo ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima. Kutoka Mida hadi huko ni zaidi ya kilomita 8,000. Kabla ya kuondoka hula mpaka akaongeza zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake, karibu yote mafuta. Wako wengine wadogo watokao nyanda za juu za Tibet na majangwa ya Asia ya Kati. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kutua baharini apumzike kama shakwe. Ana vituo vyake vya njiani, uwanda mmoja wa matope hapa na mwingine kule. Kituo kikifungwa, safari imeharibika.

Na inaharibika. Mwaka 2024, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, IUCN, lilimtia kitwitwi huyo katika daraja la viumbe waliomo hatarini kwa sababu idadi yao duniani inaporomoka. Yuko na mwingine wa Mida, yule mnene wa kijivu ambaye kwapa lake ni jeusi anaporuka, aliyekuwa akihesabiwa salama kabisa. Naye aliingizwa mwaka huohuo.

Habari iliyonikosesha usingizi ni ya mwaka 2025. Palikuwa na aina moja ya sululu mwenye mdomo mwembamba, jamaa wa karibu wa hawa sululu wa Mida. Alizaliana Siberia na kwenda kukaa majira ya baridi kando ya Mediterania na Afrika ya Kaskazini. Mara ya mwisho alipoonekana kwa uhakika ilikuwa Februari 1995, huko Moroko, mahali paitwapo Merja Zerga. Ni ziwa la maji ya chumvi lisilo na kina, lililoungana na bahari kwa mdomo mwembamba, lenye matope na wavuvi na ndege. Ukilisoma utadhani wanaeleza Mida. Watu waliendelea kumtafuta kwa miaka 30, na Oktoba 2025 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Sidhani wavuvi wa Merja Zerga walijua ile siku ya mwisho kwamba ni siku ya mwisho.

NANI ATAKAYEGHARIMIA?

Hapa, msomaji, tusidanganyane. Ni rahisi kwa mtu wa Nairobi mwenye darubini ya kuazima kuwahurumia ndege. Lakini nyumba za udongo za Kilifi husimama kwa fito na boriti, na boriti ziko hori. Mtu aliyekosa samaki nje ya mwamba, kwa kuwa hana mashua ya kuhimili kusi, atavua ndani, na akiwa na njaa hatajali tundu la wavu ni dogo kiasi gani. Nimeona chandarua cha mbu kikikokotwa majini. Kilitoka na visamaki visivyozidi ukucha, ambavyo vingekuwa kitoweo cha kijiji kizima baada ya mwaka.

Sheria zipo. Hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo hori hii ni sehemu yake, ilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika, na mwaka 1979 UNESCO ikaliingiza eneo la Malindi na Watamu katika orodha yake ya hifadhi za viumbe. Lakini tangazo halijazi sufuria.

Ndiyo maana nilipenda mpango mmoja ambao haukuanza na makatazo. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilibuni utaratibu uitwao ASSETS. Ada anayotozwa mgeni kwa kupita juu ya lile daraja la mbao huchangia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya hori na msitu. Wazazi nao hupanda miti na kuahidi kuvitunza hori na msitu. Kijana aliyetutembeza ni zao la karo hizo. Baba yake alikuwa mkataji wa boriti, na alimfundisha kazi hiyo akiwa na miaka kumi. Alinionyesha kovu la panga kwenye goti, kisha kwa vidole vya mkono uleule akanihesabia aina za ndege anaowajua kwa sauti peke yake.

"Baba anasema mimi naishi kwa kutazama," akacheka. "Lakini karo ya dada yangu haulizi inatoka wapi."

Upande wa Dabaso kuna kikundi kingine cha wenyeji wanaofuga kaa. Mkahawa wao umesimama juu ya nguzo katikati ya mikoko, na sambusa zao za kaa, nakuapia, zinastahili safari peke yake. Kula ukitazama jua likitua. Usinunue mbili, utarudi kwenye foleni.

Riziki hii ni nyembamba, hata hivyo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga mahoteli na kuzuia wageni, daraja lilibaki bila mtu wa kulitikisa. Kijana aliniambia kwamba miezi hiyo alisikia mapanga usiku kwenye mikoko, na aliwajua wenye mapanga, na hakuweza kuwalaumu.

Kisha yapo mambo makubwa zaidi ya panga. Serikali iliwahi kuchagua Uyombo, pale pale kwenye mdomo wa hori, kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini. Mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga, wakakabiliana na polisi. Baadaye macho ya serikali yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Nchi inahitaji umeme, sikatai. Nami naandika haya chini ya taa. Ila ninapoikumbuka ramani ya hori ile, bakuli lenye mdomo mmoja tu wa kupumulia, nashindwa kuelewa ni nani aliyeitazama akaona panafaa.

UKITAKA KWENDA

Uliza kwanza habari za maji, kabla ya habari za basi. Siku za bamvua, nenda mchana maji yanapopanda, kama tulivyofanya, au uwahi asubuhi na mapema. Ukienda kichwakichwa utakuta bahari imejaa na ndege wamejificha, kisha ulalamike kwamba umedanganywa na gazeti. Novemba hadi mwanzo wa Aprili ndio msimu. Vaa nguo usiyoipenda, chukua maji ya kunywa na kofia, na umchukue kijana wa hapo akuongoze, kwa maana matope mengine yana kina. Kaa mpaka magharibi ikiwezekana. Jioni, keremkerem wekundu humiminika kutoka bara kuja kulala kwenye mikoko, na mti mzima huonekana kama umewaka moto. Mtoto wako, mpenzi msomaji, mshike mkono.

Mimi nilirudi wiki ya kwanza ya Aprili, safari hii peke yangu. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya na upepo umeanza kugeuka. Wala kaa wengi walikuwa wameshaondoka. Vitwitwi walikuwapo bado, lakini sikuwatambua mara moja. Wale wa kijivu wa Desemba walikuwa wamebadili mavazi, wamekuwa wekundu kama matofali mapya, na wamenenepa hata shingo zikapotea. Walikula bila kuinua vichwa.

Kijana alikuwa palepale kibandani. Aliuliza hali ya mwanangu. Nikamwambia siku hizi akiona njiwa uani huzunguka nyuma ya nyumba.

Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu, kundi moja la ndege kama arobaini lilianza kuita kwa sauti isiyokuwa ile ya kawaida. Liliinuka, likazunguka juu ya hori mara mbili. Kijana alisimama. Niliuliza ni nani aliyewatisha, akanyoosha mkono kunizuia nisiseme. Kundi likapanda juu zaidi, likajipanga mstari uliokatika katikati, likapita juu ya mikoko ya Dabaso kuelekea kaskazini. Ndege watatu walitoka mstarini, wakageuka, wakarudi kutua kwenye matope na kuanza tena kula.

"Hao bado," akasema kijana.